Pacha Haliwi Akiwa na Mwenzake

4 Februari

Kwako Kitinda, mdogo wangu,

Uliponipigia juzi mashine zilikuwa zinanguruma, nikasikia nusu, nusu nyingine nikaitikia tu. Kama kuna jambo nililikubali, lifute. Simu ni ya kujuliana hali. Maneno yenyewe yanataka karatasi, hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Huku ni sare na sare tena. Shule zimefunguliwa, na kila mzazi amegundua wiki hii kwamba mtoto wake ana miguu na miguu inarefuka. Nashona sketi za buluu mpaka nikifumba macho naona buluu. Chumba chako nimekijaza marobota ya vitambaa. Usinune, kitanda chako kipo, kimelala chini yake.

Ijumaa nilikwenda ukumbini kucheza kadi za Ngome kama kawaida. Kwa kuwa umeniacha sina mwenza, wamenipangia Mzee Posta. Unamjua alivyo. Kila zamu yake azisome kadi zote mkononi kama barua za rejista, apumue, halafu atupe Daraja. Juzi alisinzia ameshika Malkia. Wapinzani ni waungwana, wakamwacha alale, nami nikabaki naangalia nyufa za dari.

Pacha wangu yumo kwenye kopo la kadi, simtoi. Pacha akiwa peke yake ni kadi kama kadi nyingine, yeyote anamla. Nilipokupa yule wa pili siku ya harusi yako, watu walinishangaa. Wako wanaonunua pakiti miaka nenda miaka rudi na hawajamwona hata mmoja, mimi namtoa kama peremende. Nilijua ninachokifanya. Nilitaka kila mmoja wetu awe na wake, na siku tukikaa meza moja, nao wakutane.

Mashindano makubwa ni Agosti. Fomu ninayo. Nituandikishe?

Mke wa mwokaji wetu alipita huko kwenu, anasema alikuona kwenye ukumbi wa Ngome umekaa na wifi yako, mnacheka. Nimefurahi. Kucheka ni afya.

Dada yako


19 Februari

Dada yangu,

Usituandikishe kwanza, nitakueleza. Mzee Posta nimemcheka mpaka mgonjwa kwenye dirisha la dawa akanisukumia karatasi yake ya dawa akaniuliza kama nami nimetumia kitu.

Mimi sijambo. Nyumba ni nzuri, iko juu ya duka la wifi. Shemeji yako yuko kazini mbali, anapima mipaka ya mashamba ya watu, akirudi anaongea kwa nyuzi na vigingi. Hospitali wamenihamishia dawa za watoto. Kila kitu ni kitamu, kila kitu kina rangi ya waridi.

Sasa nikwambie kuhusu wifi. Ni fundi wa miwani. Anakata vioo huko chini na mashine yake inalia kama mbu mkubwa. Ana kawaida ya kukutazama usoni kwanza kabla hajakujibu, unadhani anakupima macho. Hakuwa anaijua Ngome hata kidogo, nimemfundisha mimi. Na amekuwa mkali, dada. Basi hebu sikia: kanunua pakiti moja, moja tu, kaifungua juu ya meza ya chakula, na Pacha huyu hapa. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Jumamosi iliyopita tulicheza fainali ya kombe la klabu dhidi ya ndugu wawili wa duka la mikate. Mimi nilikuwa nimemlaza Pacha wangu mezani. Wakaja na Jeshi kumla. Wifi akamlaza wake. Nikawaambia, someni kadi: "Pacha haliwi akiwa na mwenzake." Mwenzake huyo hapo. Tukashinda. Wao wakasema hapana, mwenzake maana yake Pacha wa pili kutoka mkono uleule, si mkono wa mchezaji mwingine. Ukumbi mzima ukagawanyika, kila mtu mwalimu wa lugha. Sasa wamekata rufaa kwenye chama.

Wewe wasemaje? Wewe ndiye uliyenifundisha. Nataka niwasomee maneno yako wanyamaze.

Wifi anakusalimu sana.

Kitinda wako


2 Machi

Kitinda,

Salamu zimefika. Mrudishie za kwake.

Umeniuliza kuhusu kanuni, nakujibu kuhusu kanuni. Neno "mwenzake" watu wanalichezea. Mwenza si yeyote aliyevuta kiti akakaa karibu. Mwenza ni wa kutoka pamoja. Kadi mbili zilizokaa mkono mmoja tangu mwanzo wa mchezo, hizo zinajuana. Kadi inayotoka mkono mwingine, iliyopatikana jana kwenye pakiti ya bahati, hiyo ni jirani. Ujirani ni mwema, lakini haumkingi mtu asiliwe. Ndugu wa mikate wamesema kweli.

Wala usishangae. Mtu anayekata vioo anaweza kuona kila kitu isipokuwa kile ambacho hakikuandikwa.

La mashindano limejijibu. Chama kimeniteua niingie kamati ya kanuni, tuko watatu, nami ndiye ninayeandika maamuzi. Mjumbe wa kamati haruhusiwi kucheza. Fomu nimeichana. Ulikuwa unieleze jambo, huna haja tena ya kujisumbua.

Rufaa ya hao ndugu itafika mezani kwangu. Ningeweza kuwaachia wenzangu, lakini wote wawili wananiambia kwamba kuhusu Pacha hakuna anayejua kuliko mimi.

Wateja wanasubiri.

Dada


15 Machi

Dada,

Nimeisoma barua yako dirishani hospitalini, nikamhesabia mama mmoja vidonge vya mtoto wake mara mbili, maana macho yalikuwa hayaoni.

Mwaka ule tulioshinda mimi na wewe, nani alimlaza Pacha wa kwanza? Mimi. Nani alimlaza wa pili? Wewe. Mikono miwili, dada. Mzee Posta alisimama akapinga, nawe ukasimama ukamwambia mbele ya watu, "Kadi haiulizi imetoka mkono wa nani. Mwenzake ni mwenzake hata akiwa nyumba nyingine." Watu wakakupigia makofi. Nilikuwa nimeshika nguo yako kwa nyuma ili nisidondoke kwa furaha. Sasa neno lilelile limegeuka kwa sababu gani? Kadi haijachapishwa upya.

Niambie tu kwamba unamwonea wivu wifi. Niambie nikujue. Lakini usinivalishe kanuni juu ya donge kama bitana juu ya kitambaa kilichotoboka, mimi nimekulia kwenye cherehani, najua kugeuza nguo nikaangalia ndani.

Ulivyoniandikia kuhusu vioo, sikumsomea. Nilimwambia unamsalimu.

Kuhusu mashindano, nilichotaka kukueleza ni kwamba ningekuja mwezi mzima wa Agosti, nikae na wewe, tufanye mazoezi, halafu tucheze. Nilikuwa naomba likizo. Sikutaka kusema kabla sijapewa. Nimepewa jana.

Kitinda


10 Aprili

KAMATI YA KANUNI
Uamuzi juu ya rufaa ya Ndugu wa Mikate dhidi ya Wawili wa Ghorofani

Kamati imeisoma rufaa na maelezo ya pande zote mbili.

Kadi ya Pacha inasema: "Pacha haliwi akiwa na mwenzake." Kamati inatafsiri "mwenzake" kuwa ni Pacha wa pili aliyelazwa na mchezaji yuleyule. Pacha aliyelazwa na mchezaji mwingine, hata wa upande mmoja, hamkingi.

Kwa hiyo Pacha wa Wawili wa Ghorofani aliliwa kihalali. Ushindi unahamishiwa kwa Ndugu wa Mikate. Kombe lirudishwe. Uamuzi huu ubandikwe mahali pa wazi katika klabu husika.

Mwandishi wa Kamati


28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hatujawahi kuandikiana na huenda hili si jambo la adabu. Mimi ni wifi wa mdogo wako. Hajui kwamba nakuandikia, yuko juu, mimi niko dukani na nimefunga mlango.

Barua zako huwa ananisomea. Anasoma mahali pa kuchekesha, mahali pengine anaruka, lakini uso wake hauruki. Kwa hiyo najua kidogo unavyoniona, na sikuja kulalamika.

Nataka ujue mambo ambayo yeye hakuandikii. Alipohamia hapa alikuwa anakula amesimama. Anapakua, anasimama pale jikoni na sahani mkononi kama mtu anayengoja kuitwa, anamaliza, anaosha. Kaka yangu akiondoka huondoka kwa majuma. Mimi huku chini nilikuwa nasikia miguu yake, dirishani, mlangoni, dirishani. Halafu anakupigia simu, namsikia anakwambia nyumba ni nzuri, kila kitu kitamu. Nilikuwa najiuliza, huyu anamzungumzia nani?

Nilimwona siku moja anapanga kadi zake peke yake, anajichezea pande zote mbili. Nikamwomba anifundishe. Sikuwa na hamu ya kadi, dada. Nilitaka tu akae kwenye kiti.

Kisha nikaipenda Ngome, na hapo ndipo nilipoanza kukuchukia kidogo. Nikitupa Kisima, "Dada asingetupa Kisima." Nikitafakari sana, "Dada hafikirii hivyo, yeye anatazama mikono ya watu." Hata nikishinda, "Dada angemaliza mapema." Meza yetu tunakaa watu watatu, na huyo wa tatu hakosei kamwe, kwa sababu hayupo. Kuna siku nilitamani uje uketi, ukosee mara moja nikuone, niridhike.

Na pakiti haikuwa moja. Nilinunua nyingi, nikawa nazifungulia dukani kwa siri na kuficha zile zisizo na kitu nyuma ya masanduku ya fremu. Nilipompata Pacha niliifunga tena pakiti kwa gundi ya fremu, nikaipandisha juu, nikaifungua mbele yake kama vile ni bahati. Nilitaka Pacha wake asimame na wangu. Mtu mzima, nina duka, nilifanya hivyo.

Uamuzi ulipobandikwa, mtu aliandika chini yake kwa kalamu, "Walaghai." Siku iliyofuata ukumbi mzima ulitutazama tulivyoingia. Mdogo wako alikwenda mezani, akalirudisha kombe mwenyewe, akawapa mkono wale ndugu. Nyumbani hakulia. Lakini hajarudi tena ukumbini, na tangu siku hiyo anakula amesimama.

Sikuombi ubadilishe neno. Kama kanuni ni hiyo, basi ni hiyo, nami nitajifunza. Nakuuliza kitu kimoja tu, na unaweza kutonijibu. Ulipoandika, ulikuwa unaisoma kadi, au ulikuwa unatusoma sisi?

Wifi wa Kitinda


6 Mei

Kwa Mwenyekiti wa Chama,

Naomba rufaa ya Ndugu wa Mikate isikilizwe upya, na isikilizwe bila mimi.

Mmoja wa walioshindwa ni mdogo wangu wa damu. Hilo mlilijua, mkasema nina haki ya kutosha moyoni. Ambalo hamkulijua ni kwamba nilimwonea wivu aliyekaa pembeni yake. Nilikuwa nimekwisha kuamua kabla rufaa haijafika, kisha nikatafuta sababu, na kwa kuwa nazijua kanuni vizuri, sababu nilizipata. Wenzangu wawili walitia sahihi kwa kuniamini.

Sisemi kwamba tafsiri ile ni ya uongo. Siku hizi naigeuza kichwani na sijui tena ni ipi ya kweli, maana huko nyuma niliwahi kuishikilia ile nyingine kwa nguvu zilezile, na wakati huo ilinifaa. Mtu anayesoma neno moja kwa njia mbili kulingana na nani kakaa naye hafai kuamulia watu.

Najiuzulu kwenye kamati kuanzia leo.

Fundi cherehani, aliyekuwa Mwandishi wa Kamati


6 Mei

Kwako wewe, wifi wa mdogo wangu,

Marahaba.

Nilikuwa nawasoma ninyi.

Nimemwandikia mwenyekiti, na nimeondoka kwenye kamati. Sijui watakavyoamua.

Nisiseme uongo, bado sijakupenda. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye meza ya kukatia, nikafika pale pa kula amesimama, nikatafuta kiti. Miaka yote aliyokaa na mimi, Kitinda alikuwa wa kwanza kukaa na wa mwisho kuondoka mezani. Nilimuuliza kwenye simu, "Unakula?" akasema anakula. Sikuuliza anakulaje. Wewe uliuliza kwa macho, na hilo linaniuma kuliko kombe na Pacha wote wawili. Ilikuwa kazi yangu.

Lakini ulimkalisha. Asante.

Kwa habari ya Kisima, ni kweli nisingekitupa. Kinashikwa mpaka wapinzani wamalize Madaraja yao. Na mimi hukosea. Muulize kuhusu mwaka tulioshindwa kwa sababu nilimsahau Malkia kwenye mfuko wa aproni.

Dada yake


30 Mei

Kwa Fundi,

Chama kimepokea barua yako na kukubali kujiuzulu kwako, kwa masikitiko.

Wajumbe wawili waliobaki, pamoja na mmoja mpya, wameisikiliza rufaa upya. Walibishana mchana kutwa. Mwishoni wameafikiana kwamba "mwenzake" ni Pacha aliyelazwa na mchezaji yuleyule. Uamuzi unabaki kama ulivyokuwa. Kanuni itachapishwa kwa maneno yaliyo wazi zaidi msimu ujao.

Tumeagiza klabu iliondoe bango la zamani, lenye maandishi ya kalamu, na ibandike jipya linalosema kwamba Wawili wa Ghorofani walicheza kwa nia njema.

Mwenyekiti


8 Juni

Kitinda,

Wifi yako atakuwa amekwambia, au hajakwambia. Uliza. Nimeambatisha barua ya mwenyekiti.

Mmeshindwa tena. Safari hii si kwa mkono wangu. Nilikuwa nimejiandaa kuja kwako na habari njema mbele kama ngao, sasa nakuja mikono mitupu.

Uliniambia nikuambie, unijue. Ndiyo, nilikuwa namwonea wivu. Ulipoolewa nilijipanga kumwonea wivu mume wako, nikawa tayari, nikazoea. Sikujipanga kwa mwanamke mwingine wa kucheka naye. Alinipitia mlango ambao sikuufunga. Hiyo si sababu, ni habari tu.

Mzee Posta atanishikia funguo za karakana. Nafika Jumamosi. Kama hutaki kuniona, mwambie wifi yako anipokee kituoni, maana yeye nadhani angependa kunikagua macho.

Dada yako


2 Julai

Dada yangu,

Umefika nyumbani salama, nimeambiwa. Nimeambiwa na wifi, kwa sababu umemwandikia yeye. Kurasa nne. Nimezihesabu zikiwa mezani kwake zimekunjwa, sikuzifungua, nina heshima zangu. Mimi mwaka huu hujanipa zaidi ya mbili kwa mkupuo mmoja.

Basi nikueleze nilivyoona, kwa sababu nyinyi wawili hamkuona kitu.

Siku ile ya kwanza ulipokuja nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Nilitaka nikukasirikie taratibu, kwa mpangilio, mpaka ulie. Umeingia, umemsalimia, ukamwambia, "Hebu nionyeshe hicho Kisima unavyokitupa." Akazileta kadi. Nikasema niwaache dakika, nipike chai. Nimerudi na sinia, mmeinamia meza vichwa vinagusana, wewe unamwambia "hapana, hapana, sikiliza," yeye anakwambia "kadi haisemi hivyo." Nikasimama pale mlangoni na sinia. Nikakohoa. Wifi akasema, bila kugeuka, "Weka hapo." Weka hapo. Mimi ndiye niliyemfundisha huyu mchezo, na wewe ndiye uliyenifundisha mimi, na nyinyi mnaniambia niweke hapo.

Nililiweka. Nikashuka ngazi, nikatoka nje, nikazunguka mtaa, nikapita duka la mikate, nikarudi. Mlikuwa palepale. Wifi akaniuliza, "Kwani ulitoka?"

Nikaenda jikoni, nikashika sufuria bila kujua nataka kupika nini. Kifuani mlikuwa na kitu kama mwiba wa samaki. Nikajiambia, ahaa, ndicho hiki. Ndicho hiki kilichomfanya dada aandike yale. Nilikusamehe hapohapo, na sufuria mkononi, yale maneno yangu yote niliyoyapanga yakaniponyoka hata sikumbuki lipi lilikuwa la kwanza. Halafu nikasikia mnacheka, nikaanza kukukasirikia upya kwa jambo jingine kabisa.

Zile siku zote ulizokaa, nilikuwa nakaa katikati yenu kwenye kochi makusudi. Labda mliona ni mapenzi. Ilikuwa ulinzi.

Nakula vizuri, nimekaa. Wifi anahakikisha, na sasa najua nani amemtuma ahakikishe.

Umesema utarudi mwezi ujao. Njoo. Lakini siku ya kwanza ni yangu, toka asubuhi hadi taa zizimwe, na duka la miwani libaki limefungwa. Wifi nimekwisha kumwambia. Amenitazama usoni kwanza, kama kawaida yake, kisha akasema, "Na siku ya pili?"



Kitinda